Viatu Chini ya Pazia

Kayanga, Karagwe
9 Juni 2024

Bibi yangu Restuta,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu.

Najua utasema Edgar akiandika ana shida, na kweli ninayo, lakini nianze na habari za mdogo wangu ili usinune. Benadeta amefika salama na ameanza chuo cha ushonaji. Nimempa chumba, mimi nalala sebuleni. Cherehani uliyompa nayo imefika bila kukwaruzika, Evaristi aliifunga kwenye pikipiki yake kama amebeba bibi harusi. Jumapili walimjaribu kwenye kwaya ya parokia wakampa sauti ya kwanza papo hapo. Mama mmoja akaniuliza binti huyu ni wa nani, nikajibu kwa kifua mbele: ni wa Bibi Restuta wa Mabira, aliyetulea sote wawili.

Dukani kwa Mama Mwanamisi kazi inakwenda. Siku hizi ananiachia ufunguo. Tunauza vipodozi, chaja za simu, na vitu vidogo vidogo vya vijana.

Sasa shida yenyewe. Nimelima kabichi nyuma ya nyumba, wadudu wamezivamia. Nimekumbuka marehemu Babu alivyokuwa akiloweka tumbaku na kunyunyizia mibuni. Naomba unifungie majani ya tumbaku yako, yale makali, umpe Evaristi akirudi huku na ndizi.

Mjukuu wako,
Edgar


Mabira, Kyerwa
16 Juni 2024

Edgar, mume wangu mdogo,

Marahaba. Milele amina. Mimi mzima, goti la kushoto tu ndilo linaamka na maneno yake.

Umefanya vizuri kuandika. Ile simu ya Nolasco siitaki tena. Ukiongea nayo pale dukani kwake unajibiwa na kila aliyekuja kununua chumvi. Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima nikiwa na baba yenu mgongoni, nisipoandika barua nilisomea nini?

Kabichi! Wewe uliyekuwa ukiumwa tumbo kila ukiona jembe, leo una kabichi. Haya waitu, dunia ina mambo. Sikuulizi ziko ngapi, wala wadudu wenyewe wana miguu mingapi. Babu yako naye alipoanza aliniambia tumbaku ni ya kufukuzia siafu. Siafu hao aliishi nao mpaka tukamzika.

Nimekufungia majani mazuri kwenye ganda la mgomba. Nimeyatengeneza kwa mkono wangu, hayatawakwaruza koo hao wadudu wako. Nilivyoyatengeneza siandiki, maana hii barua inasafiri mfukoni kwa Evaristi, na Evaristi naye amekwenda shule.

Kwenye mfuko huo huo kuna amwani za kutafuna, nimezichemsha jana. Weka mezani. Mtu asiingie kwako akatoka hajatafuna hata punje moja ya kahawa, watu watasema mtoto wa Restuta mji umemsahaulisha.

Na umchunge mwenzako. Huyo mtoto alipewa pumzi ya kuimbia, kama mama yenu.

Bibi yako,
Restuta


Kayanga
14 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo. Asante kwa tumbaku. Imefanya kazi mpaka nimeshangaa. Kila anayeionja anasema ni laini kuliko ya dukani, yaani nataka kusema dawa ya dukani ya kabichi, inachoma sana majani. Wenzangu wenye bustani nao wanaitaka. Kama unayo nyingine nifungie, tena nyingi kuliko ile.

Amwani ziliisha siku ile ile. Mama Mwanamisi alizitafuna akasema kwao Pangani hawana kitu kama hiki, akaficha nyingine kwenye mkoba.

Benadeta anakusalimu. Ana kazi nyingi chuoni, jioni ananisaidia shughuli zangu. Ana ulimi mzuri wa kuonja, yaani wa kupika.

Edgar


Mabira
25 Julai 2024

Mume wangu,

Marahaba. Kabichi zako zina wapenzi wengi! Haya, majani hayo hapo, nimetengeneza mengi, kwa uangalifu ule ule. Uwaambie wadudu wasizidishe, waache nafasi ya kula.

Jumuiyani nakusema sana. Wanajua Mwenyekiti wao Restuta ana mjukuu anayeshika ufunguo wa duka la mjini, na mwingine anayeimba sauti ya kwanza. Mama Adelard mate yanamkauka nikianza, kwa hiyo naanza mapema.

Yeye naye karudi Kayanga juzi na jambo la ajabu. Anasema vijana wa huko wananyonya vikalamu, halafu wanatoa puani moshi wenye harufu ya matunda. Mama Adelard unamjua, akiona paka atakuambia chui. Ni kweli hayo? Vinachajiwa kama simu? Moshi unaochajiwa sijawahi kuusikia.

Krismasi usije tena na zile raba zako nyeupe zenye mstari wa kijani. Mwaka jana ulituzuia tusitembee ndani, eti tutakukanyaga. Matope ya huku hayajui raba.

Mbona Benadeta haandiki? Mwambie hata mstari mmoja.

Restuta


Kayanga
1 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa.

Tumbaku usitume tena. Kabichi nimeachana nazo.

Vile vikalamu vinaitwa vepu. Ni mambo ya watoto wa wenye nacho, mimi siyajui.

Benadeta ana mafua, vumbi la kiangazi limemkamata. Akipata nafuu ataandika. Usipate wasiwasi wala usihangaike kuja.

Edgar


Kayanga
12 Septemba 2024

Mama yangu Bi Restuta,

Shikamoo. Unisamehe kwa kukuandikia bila kujuana. Mimi ni Mwanamisi, mwenye duka anapofanya kazi Edgar. Hatujaonana, ila amwani zako nimezila, kwa hiyo najihesabu mgeni wako.

Mama, Edgar hakukwambia, nami moyo hautulii. Benadeta amelazwa hospitali tangu wiki iliyopita. Anakohoa, anahema kama mtu aliyetoka kupanda mlima, wamemwekea mpira wa hewa puani. Walidhani ni kifua kikuu, wakapima hawakukiona. Wakapiga picha ya kifua. Daktari akatuita mimi na Edgar pale kitandani akauliza: huyu binti anavuta nini? Au anatia mafuta gani puani? Maana kwenye mapafu anaona kitu kama mafuta, na hajui kimeingiaje. Benadeta akatikisa kichwa. Edgar akainama akawa anaangalia raba zake.

Jioni ile nikaingia stoo yangu ya nyuma, ambayo kwa kumwamini sikuwa naingia. Nimekuta sufuria, gliserini yangu ya kupaka mwilini, arki za kutia kwenye keki, kitambaa cha kuchujia, na vichupa vya dawa ya macho vimejazwa maji ya kahawia. Harufu ya tumbaku mpaka darini. Sikuhitaji kuelezwa. Anatengeneza juisi ya vepu, ile sigara ya betri: juisi inapata moto humo ndani, mtu anavuta mvuke wake. Juisi ya kiwandani inafika huku kwa nadra, basi kijana akaona achemshe ya kwake, awauzie wanachuo na vijana wa bodaboda chini ya meza yangu. Na nilipombana akakiri: aliyekuwa akimwonjea kila sufuria mpya, aseme imekolea au bado, ni dada yake.

Nilimwambia aende kwa daktari aseme. Akajibu ndiyo mama. Asubuhi nikakuta stoo imefagiliwa, vichupa havipo, na kwa daktari hajakwenda.

Nami niseme kweli, sikwenda pia. Naogopa watu watasema Mwanamisi anauzia watoto wao sumu. Kwetu husema mficha uchi hazai. Hapa tulioficha ni watu wazima wawili, na anayekosa pumzi ni mtoto. Naandika haya na uso wangu sijui niuweke wapi.

Vyote alivyochanganya sivijui. Labda wewe uliyempa tumbaku atakusikiliza.

Mwanao,
Mwanamisi


Mabira
14 Septemba 2024

Edgar,

Leo sikuiti mume.

Barua ya Mwanamisi nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kwa hiyo hakuna kabichi. Hilo nililijua tangu mwanzo, mimi si mtoto. Nilichofikiri ni kwamba umeanza kuvuta wewe, na unaona haya kumwambia bibi yako. Nikasema moyoni, nisimwaibishe kijana wa watu, nijifanye nimeamini wadudu wake, ila nimtengenezee tumbaku nzuri isimwumize.

Sasa sikiliza. Majani yote niliyokutumia nimeyapaka samli. Nayakanda na samli mpaka yanalainika, nayafunga, nayaweka juu ya moto yanywe moshi. Ndivyo nilivyomfanyia babu yako siku zote ili kiko kisimkwaruze. Ungekuwa na kabichi kweli ningekupa majani makavu ya hovyo. Samli ile niliitia kwa upendo, Edgar. Wewe umeichemsha ukampa mdogo wako aivute mpaka ndani ya mapafu.

Ulinidanganya, na mimi nikajidai nimedanganyika. Laiti ningekuuliza mara moja tu, tumbaku ya nini, kwa jina la Mungu! Nilijiona mwerevu kwa kutokuuliza.

Daktari anatafuta mafuta yametoka wapi. Wewe unajua, nami najua. Nenda leo. Mwambie tumbaku, mwambie samli, na hayo mengine uliyotia umtajie moja moja. Aibu utaiona, ndiyo. Nenda nayo.

Evaristi nimemwambia asiondoke hapo bila jibu lako.

Restuta


Mabira
22 Septemba 2024

Edgar,

Evaristi alirudi mikono mitupu. Anasema ulisoma barua, ukaikunja, ukamwambia utajibu, ukaingia ndani ukafunga mlango. Siku ya pili ikawa vile vile. Ndipo nikapanda pikipiki mwenyewe na goti langu. Mama Adelard akasema hawezi kuniacha niende peke yangu kumwona mgonjwa, akakodi yake akatufuata. Ningemkataliaje?

Nakuandikia yaliyotokea wodini Alhamisi, ingawa huhitaji kusimuliwa.

Nilimkuta mtoto amekuwa mdogo kitandani kuliko nilivyomtoa hapa. Aliponiona alitaka kusema shikamoo, ikamchukua muda neno lote kutoka. Nikamwuliza kwa Kinyambo, mwanangu, umemwambia daktari? Akafumba macho. Daktari akaja, kijana wa miwani, mpole. Wakavuta pazia kuzunguka kitanda. Ndani tulikuwa mimi, yeye, muuguzi, na Mama Adelard ambaye hakuna aliyemwita.

Nilikuja na maneno mawili: tumbaku na samli. Nilipofungua mdomo nikaona nikisema yote, kesho wanakuja kukukamata mbele ya duka. Nikasema, daktari, huyu mtoto nimemfundisha mimi kuvuta kiko. Tumbaku yangu naipaka samli, na samli hiyo ndiyo mnayoiona kifuani. Nikayasema hayo, mimi Restuta, mbele ya mdomo wa Mama Adelard.

Mama Adelard aliporudi Mabira hakulala kwake, alilala kwenye nyumba za watu akisimulia. Jumamosi katekista akaja kuniambia kwa upole kwamba jumuiya imeona nipumzike uenyekiti. Leo kanisani nimekaa benchi peke yangu. Huku sasa mimi ni bibi kizee aliyemlisha mjukuu wake moshi.

Hayo ningeyabeba, Edgar, kama yangemponya. Lakini daktari alipomaliza kuandika alivua miwani akaniambia: Bibi, kiko hakifanyi hivi. Watu huvuta kiko miaka na miaka, mapafu yao sijayaona hivi. Kuna kitu hukunieleza, au hukijui. Bila kukijua naogopa kumpa dawa kali nikamwumiza zaidi, na nikichelewa ataishiwa pumzi.

Kwa hiyo uongo wangu haukuokoa mtu. Nimepoteza jina langu bure.

Na neno la mwisho. Lile pazia halifiki sakafuni. Nilipokuwa nasema niliziona raba nyeupe zenye mstari wa kijani zimesimama upande wa pili. Nilizijua. Ndiyo maana nikarefusha maneno. Nikakohoa, nikaomba maji ya kunywa, nikayanywa polepole, nikamwuliza daktari habari za kwao. Nilikuwa nakungoja uingie. Daktari akaangalia saa. Raba zikageuka zikaondoka.

Sitakuandikia tena mpaka umeingia.

Restuta


Kayanga
30 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Hata kama hutaitikia, shikamoo.

Nilikuwepo. Nilisikia kila neno. Nilisikia ulivyosema "nimemfundisha mimi", nikaona sasa ndiyo nafasi, nisogeze tu kitambaa. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika pazia. Halafu nikasikia Mama Adelard anaguna, nikawaza jinsi utakavyosimuliwa Mabira, Mwenyekiti na mjukuu wake wa ufunguo, nikatoka nje. Nilikwenda mpaka nyuma ya jengo la kufulia nikatapika. Ningependa kusema nililia, lakini sikulia, nilitapika tu.

Barua yako ilinifika Jumanne. Vichupa vyote nilikuwa nimevimwaga chooni siku ile Mama Mwanamisi alipogundua. Nikatafuta nyumba nzima angalau kimoja cha kumpelekea daktari. Nikakikuta kwenye droo ya cherehani ya Benadeta, chini ya vifungo, kimebaki nusu. Nilikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Juu kulikuwa na utando mweupe umeganda. Ule utando nilikuwa nauona tangu mwanzo, Bibi. Nilidhani ni utomvu wa tumbaku, nikawa natikisa kwa nguvu upotee, na wateja nawaambia watikise kabla ya kuvuta. Nilikuwa natikisa samli yako.

Nikaenda na kichupa mkononi. Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa, wodi imejaa, pazia limefunguliwa. Nikamwambia daktari naomba tuzungumze ofisini. Akasema mgonjwa yuko hapa, zungumza hapa. Nikaanza kwa sauti ndogo, akaniambia sikusikii. Nikasema kwa sauti ya kusikika. Tumbaku ya Bibi iliyopakwa samli, gliserini ya dukani, arki ya stroberi na ya vanila, vyote nimechemsha mimi, kiko hakikuwepo, bibi yangu alinisitiri. Mama mmoja aliyekuwa anamlisha mtoto uji aliacha kijiko hewani.

Daktari akanusa kichupa. Akaniambia, nilikuuliza hapa hapa, kijana, umesimama hapo hapo. Kisha akaanza kutoa maagizo.

Nikamgeukia Benadeta nimwombe radhi. Akaniambia kwa kukatakata, maana ndivyo anavyoongea sasa: "Nilikuwa nakungoja wewe useme. Sikutaka kukusema mimi." Siku zote zile, Bibi, alikuwa anatikisa kichwa kwa ajili yangu. Alikuwa tayari kukosa pumzi ili mimi nisionekane mbaya. Aibu niliyoisikia hapo sijui niilinganishe na nini. Nikila sasa sisikii ladha.

Tangu wambadilishie dawa anaendelea vizuri. Mpira wa hewa umetolewa juzi. Daktari anasema mapafu yatachukua muda mrefu kujisafisha, na mengine huenda yasirudi. Akitembea kidogo anasimama. Kuimba amemwambia asahau kwa sasa, na hakusema mpaka lini.

Daktari aliniagiza niwatafute wote niliowauzia. Mama Mwanamisi amechukua ufunguo wake na kazi imekwisha, lakini alifunga duka mchana tukaenda wote kituo cha bodaboda na chuoni. Alisimama pembeni yangu nikiwaambia watupe. Kisha akaongeza mwenyewe kwamba duka ni lake na alinyamaza. Wengine walicheka. Mmoja alinipiga kofi, sikurudisha. Wawili wanakohoa, tukawapeleka hospitali siku hiyo hiyo.

Wanataka kumruhusu Benadeta wiki ijayo. Anasema hataki chumba changu wala chuo, anataka kuja kwako. Nitamleta. Ila Bibi, nakuomba kitu kimoja. Tushukie kule bondeni, tupite njia ya chini kwenye mibuni, jioni jioni, tuingilie nyuma ya jiko. Kwa Nolasco nitapitaje mimi? Watu wote wa Mabira wanakaa pale. Nitawatazama na macho gani?

Mjukuu wako, kama bado,
Edgar


Mabira
6 Oktoba 2024

Edgar, mume wangu,

Marahaba.

Nimeipata. Nimeisoma polepole, nikamshukuru Mungu kwa sehemu ile ya mpira kutolewa, nyingine nikazisoma kwa uchungu. Sikusifu kwa kuingia. Umeingia umechelewa, na pumzi ya mtoto ndiyo iliyolipa. Lakini umeingia.

Leo baada ya misa niliomba nafasi nikasimama mbele ya jumuiya. Nikawaambia nilidanganya hospitali, kiko sikumfundisha mtoto, na kilichotokea ni hiki na hiki. Sikukupunguzia wewe, wala mimi sikujipunguzia. Mama Adelard alikasirika kweli, maana amekuwa akieneza habari ambayo si yenyewe, sasa inambidi arudie nyumba zote. Uenyekiti hawakunirudishia, na sikuuomba. Mche wa tumbaku bado uko hapo kando ya jiko. Asubuhi nikitoka kuchota maji nauona, nageuza uso. Siku nitakayokuwa na nguvu nitaung'oa.

Sasa hilo la njia ya chini. Hivi wewe akili umeiacha stoo kwa Mwanamisi? Njia ya chini ni mlima! Kutoka bondeni mpaka mibuni hata mimi nilipokuwa msichana nilikuwa nashika magoti. Huyo mtoto atapandaje na kifua hicho? Utambeba mgongoni gizani ili tu usiitwe jina?

Njia tambarare ni moja, ya barabarani, na inapita kwa Nolasco. Mje siku ya gulio, asubuhi, wakati jua halijawa kali, maana hewa ya asubuhi ndiyo nyepesi kwake. Ndiyo, watu watakuwepo. Mimi nitakuwa nimekwisha fika pale mtakaposhukia, nitabeba kigoda kichwani. Pikipiki msipande, vumbi lake hataliweza, mtembee taratibu kama anavyoweza. Akitaka kupumua, mweke kwenye kigoda hapo hapo barabarani, wewe usimame kando yake, usiangalie raba. Walio wakubwa kwako waamkie mmoja mmoja, wakikuuliza mgonjwa ana nini, waambie. Usiharakishe. Atahitaji kukaa mara nyingi kabla ya kufika nyumbani, kwa hiyo utaweza kumsalimia kila mtu.

Amwani nimezichemsha za kutosha wote watakaotufuata mpaka mlangoni.

Bibi yenu,
Restuta